Jina la Kumi na Mbili

Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 9 Februari 2025

Mpendwa binti yangu Régine,

Hamjambo huko Liège? Baridi imewaachia kidogo? Sisi tunaendelea. Goti langu sasa linatangulia mvua kwa siku nzima, na majirani wameanza kunisalimia kwa heshima.

Mama yako, dada yangu, ni mzima, ila alitutia hofu. Unaijua garderie yake: miaka kumi na tisa analea watoto wa watu bila karatasi hata moja. Mwaka huu serikali ikadai autorisation, yaani kibali: cheti cha mafunzo, cheti cha daktari, kizima-moto, na watoto wasiozidi kumi na wawili kwa mlezi mmoja. Bila hivyo, anafunga.

Akapanga alivyo navyo katika farde, lile jalada lake la karatasi, akamngoja mkaguzi. Kosa likawa letu sisi majirani. Kwetu mgeni akija, nyumba lazima ijae. Tulimwogopea aibu ya kuonekana hana watu, basi kila mmoja akaleta watoto wake, wamevaa nguo za misa.

Mkaguzi, mama mmoja wa miwani, akahesabu mara mbili.

"Mama Honorine, uliandika kumi na mbili. Hapa iko makumi tatu na ine!"

"Tulitaka muone kama inatembea muzuri," nikasema mimi. Mama yako akanitupia yale macho yake.

Akaambiwa aonyeshe walio wake. Akawatoa mmoja mmoja. "Huyu Mwenya, ukimupatia mayai anavimba midomo. Huyu Lombe, hawezi lala bila kushika sikio ya mwenzake." Wakafika kumi na mmoja. Mkaguzi alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza tu.

"Na wa kumi na mbili?"

"Ule ni Caleb, mutoto ya binti yangu. Iko Ulaya. Anakuja."

Mkaguzi akapiga muhuri: miezi sita, mradi mama yako asome apate cheti. Anasoma kila Jumamosi. Ana miaka sitini na mmoja na kalamu mpya nne.

Sasa akina mama wanaigombania nafasi ile moja. Jana Chileshe wa nyumba ya pili alikuja na kuku. Kuku akakataliwa! "Ile nafasi iko na mwenyewe," mama yako akasema, akarudi kwa watoto.

Mimi sikusukumi, mwanangu. Tiketi ni ghali, najua. Nakujulisha tu kwamba mwanao ameandikwa hapa kwa muhuri, na mkaguzi amesema atarudi Agosti kuhesabu.

Msalimie mumeo Constantin, na watoto wetu Caleb na Deborah. Baba yako Alphonse anawasalimu wote. Mungu awashike mkono, nyumbani na njiani.

Mama yako mdogo akupendaye,
Delphine