Finjani ya Sita

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia juu ya paa la nyumba yetu hapa Maskati, asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya majabali. Likishapanda hapakaliki, wajua mwenyewe. Mawe ya mji huu yakishika moto hayauachi. Karatasi hizi nimezichomoa katikati ya daftari langu la jiografia, taratibu, ili mwalimu asitambue. Nina jambo la kukwambia, ila siwezi kulifikia mpaka nianze na siku ile ya bondeni, maana huko ndiko lilikotoka.

Unakumbuka nilivyokuwa sijui kitu? Nilipofuatana nawe Bara Hindi kiangazi kile, ulipopelekwa hospitali ya kifua huko milimani, nilidhani milima yote ni kama hii yetu: jabali jeusi, kavu, halina hata jani. Kwenye atlasi ya skuli nilikuwa nimeipaka Himalaya rangi ya kahawia, na kwenye vilele nikaacha karatasi tupu kwa sababu mwalimu alisema tuache. Sikujua nimeacha nini.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla Ami, nduguyo, hajaja kunichukua. Daktari alikupa ruhusa ya siku moja tu. Pema, yule mama wa Kitibeti aliyekuwa akifagia wodi yenu, alikuwa akikusihi muda mrefu uende kijijini kwao umwone mama yake, unywe maziwa, uvute hewa. Mlikuwa mkizungumza Kihindi, wewe chako cha dukani Unguja, na yeye chake alichookota njiani tangu wakimbie kwao. Ulikuwa ukinifasiria huku unacheka.

"Ananambia Kihindi changu kibovu," ulisema. "Nimemwambia chake kimepinda. Tukivichanganya huenda kikanyooka."

Tulipanda gari lililokuwa likienda kuchukua maziwa ya hospitali. Ulijifunga kilemba chako kama unakwenda barazani kwa wazee, blanketi mabegani, na mfukoni umetia finjani yako. Wagonjwa wote walitakiwa wanywe kwa chombo chao peke yao. Wenzako walikuwa na vikombe vya bati, wewe ulikataa katakata. Nakumbuka siku uliyoitoa hiyo finjani hapa nyumbani. Uliinua kifuniko cha sanduku kidogo tu, ukapenyeza mkono, ukatoa moja katika zile sita, ukafunga, ukampa mama ufunguo. Masanduku yetu matatu yalikuwa yamepangwa ukutani tangu tulipofika kutoka Unguja baada ya mapinduzi, na miaka ilikuwa inakwenda minne.

"Yasifunguliwe mpaka niseme mimi," ulimwambia mama. "Sisi tumo njiani, na mizigo haifunguliwi njiani."

Na mama hakufungua. Tulikuwa tukilalia mikeka ya kuazima na kulia sahani za bati, na vyombo vyetu vizuri vimo humo humo ndani.

Gari lilipanda, likazunguka, likapanda tena. Kisha tukapinda kona moja, na bonde likafunguka chini yetu. Baba, nimejaribu mara nyingi kuliandika bonde lile nikashindwa. Kijani chake hakikuwa kimoja. Kulikuwa na kijani cha mashamba ya ngazi yaliyoshuka mpaka mtoni, kijani kingine cheusi cha misonobari, na mto wenyewe ulikuwa mweupe kwa povu, unapiga kelele hata juu kule tuliusikia. Baridi ilinipanda mikononi vinyweleo vikasimama, katika mwezi ambao hapa Maskati watu humwagia maji mashuka ndipo walale. Na juu ya vyote hivyo, mbali, kulikuwa na kitu cheupe kimesimama angani.

"Baba," nilikuuliza, "mawingu yale mbona hayaendi?"

"Si mawingu, mwanangu," ukasema. "Ile ni ardhi."

Uliniambia kwa sauti ya mtu aliye msikitini. Ulivuta pumzi ndefu, nami nikasubiri ukohoe. Hukukohoa. Ukavuta nyengine.

Kijiji cha kina Pema kilikuwa nyumba za mawe zilizobanana juu ya mto. Juu ya mapaa walikuwa wameanika matunda ya mishmishi, na baina ya miti wamefunga kamba za vitambaa vya rangi vyenye maandishi ya dini yao, vinapepea. Wakati wa adhuhuri ulikuwa umefika. Ulishuka mtoni kutia udhu, na ulipogusa maji uliruka kama paka. "Haya yametoka kule juu," ulisema, ukionesha kilele kwa kidevu. "Jana yalikuwa barafu ngumu kama mawe." Ulisali juu ya jiwe bapa. Watoto walikuja mbio kukutazama, na mama yake Pema, bibi kizee mwenye mikia miwili ya nywele iliyomfika kiunoni, akawazuia kwa fimbo yake wasipite mbele yako. Hakuna aliyemwambia. Nilitazama mgongo wako mdogo unavyoinama chini ya mlima ule nikaogopa, lakini haikuwa hofu mbaya.

Kisha tukaingia ndani kwa chai, na hapo ndipo ulipoharibu mambo.

Bibi aliiona finjani yako akaipenda, akaitia chai mpaka juu kabisa, ikataka kumwagika. Uso wako ukabadilika. Kwetu kahawa hutiwa kidogo, chini tu ya finjani. Ukijaziwa, mwenye nyumba anakwambia kunywa uende zako.

"Tunafukuzwa, Zuwena," ulininong'oneza. "Na wala hatujakaa."

Ukanywa haraka kwa adabu, ingawa ile chai ilikuwa ya chumvi na siagi, ukaitikisa finjani kama tunavyofanya sisi kusema basi, inatosha. Akajaza. Ukanywa, ukatikisa. Akajaza. Mara ya tatu macho yako yalikuwa yamelowa, na Pema ameshika mbavu kwa kucheka.

"Mwambie mama'ako nnakwenda," ulimwambia, "asinizamishe."

"Kwetu hatutaki mgeni akae na kikombe kitupu," Pema alikujibu. "Ukitosheka kiache kimejaa. Weye unamaliza mwenyewe, kisha unalalamika."

Bibi alipofasiriwa alicheka mpaka akakupiga begani. Ukaiacha finjani imejaa, ukaanza kutazama nyumba. Nami nilikuwa nikitazama. Mazulia mazuri yalikuwa yametandikwa chini, yanakanyagwa. Mabakuli ya fedha yalikuwa rafuni. Sanduku lao la safari, lenye chuma pembeni kama yetu, lilikuwa wazi, wanatilia nafaka.

"Muulize," ulimwambia Pema. "Hana nia ya kurudi kwao walikokimbia?"

Bibi alijibu maneno mengi na Pema akayafupisha. Nia anayo. Kila mwaka mpya huuliza kama njia imefunguliwa.

"Sasa mbona anavitumia vitu vyake? Vitachakaa. Atarudi na nini?"

Safari hii bibi alijibu kwa ufupi. Pema alipofasiri hakuwa akicheka tena. "Anasema vikikaa sandukuni wajukuu hawatavijua. Siku ya kurudi watauliza, hivi vya nani?"

Nilikuona ukimtazama mtoto mmoja mdogo aliyelala juu ya zulia, mate yanamtoka, kalilowesha ua jekundu. Nikajua unamfikiria Nassor wetu mdogo.

Gari la maziwa lilipopiga honi, ulikunywa chai yako ukaifuta finjani kwa kilemba ili uitie mfukoni. Bibi akaichukua mkononi mwako. Akaijaza tena mpaka juu, akaiweka rafuni pembeni ya mabakuli yake.

"Anayeondoka huachiwa kikombe kimejaa," Pema alisema. "Ili arudi. Atakiweka peke yake, hatakigusa mtu."

Nilidhani utaitaka. Uliitazama finjani yako pale juu, inatoa moshi. "Basi ibaki," ulisema.

Njiani ulikuwa umechoka, umeegemea dirisha, na ule weupe ulikuwa umegeuka rangi ya waridi. Ndipo uliposema, bila kunitazama:

"Ukifika Maskati mwambie mama'ako afungue masanduku. Yote matatu. Atandike, atoe vyombo. Mwambie nimesema mimi."

"Na weye utakuja lini, Baba?"

"Mwambie tu, mwanangu."

Hilo ndilo jambo langu, Baba. Sikumwambia.

Siku niliyofika aliniuliza, "Baba'ako hakunipa neno?" Nikasema, "Anakusalimu." Nilikuwa na hoja zangu, maana wajua mimi hujipangia hoja kichwani hata kwa kuazima sindano. Nilijiambia kwamba wewe unafunga masanduku kwa kuwa tunarudi, basi ukiyafungua maana yake haturudi. Na kama ulikuwa umekata tamaa ya Unguja, huenda umekata na tamaa ya Maskati, na ya kuja kwetu. Nikaona nikilinyamazia neno lako, wewe utalazimika kuja kulisema mwenyewe.

Badala yako ilikuja barua ya daktari, wakati wa baridi, kwamba Waislamu wa huko wamekuzika vizuri.

Mama alikaa eda katika chumba chenye masanduku. Watu walikuja msibani siku tatu, na kahawa waliinywa kwa finjani za jirani. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Masikini, hata kikombe hawana." Mama alisikia pia. Aliinamisha uso na hakunyoosha mkono kuchukua ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Miezi minne na siku kumi alikutii, nami nilikaa pembeni yake nikijua kwamba amri anayoitii umeshaiondoa.

Eda iliisha wiki iliyopita. Mama aliosha zile finjani za watu, akazifunga kwenye kitambaa azirudishe. Akaniambia, si kwa uchungu, kama mtu anayesema habari za kawaida, "Zetu zitakaa humo. Mwenye kusema zitoke hayupo tena."

Nikamwambia.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kiangazi."

Nilingoja anipige, au alie. Alivua ufunguo shingoni, akanipa mimi nifungue.

Nassor alikuja kuchungulia. Hakuwahi kuona ndani ya masanduku yale, alikuwa mchanga wa kubebwa tulipohama. Tulitoa mazulia, sinia ya shaba, na finjani zimefungwa ndani ya kikoi chako cha zamani. Akashika moja kwa mikono miwili.

"Hizi za nani?" akauliza.

"Zetu," Mama akamwambia. "Shika vizuri."

Alipozihesabu zikawa tano. "Ya sita haikurudi na vitu vyake," alisema. Nikamhadithia ya bondeni yote, mpaka rafu ya bibi.

"Ilijazwa mpaka juu?"

"Mpaka juu."

"Na kwao maana yake aje tena?"

"Ndiyo, Mama."

Alikuwa anaifuta sinia na hakuacha kuifuta. Baadaye alizipanga finjani juu yake kwa mduara, akaacha nafasi ya moja.

Jana nilifungua atlasi. Vile vilele ni vyeupe bado, kama nilivyoviacha, na mara hii niliviona virefu mpaka nikashika pembe ya meza. Chini yake kidogo nimetia nukta moja kwa wino. Chai ile bibi ameshaimwaga siku nyingi, najua. Lakini finjani naiona pale ilipo, na dirisha, na ile ardhi iliyosimama angani.

Nisamehe kwa kuchelewesha neno lako. Pumzika, Baba, huko kwenye baridi uliyoivuta bila kukohoa. Sisi huku tumetandika.

Binti yako