Nondo Aliyelifuata Koti Lako

Shangazi yangu mpendwa,

Leo asubuhi nimevaa koti lako la kijani. Usinune. Kule mlimani Nyakiriba kulikuwa na baridi, na nilikuwa nimetumwa kazi nisiyoipenda: kuiondoa mitego yako yote kule mteremkoni, kwa kuwa imekaa mitupu tangu ulipoanza kuugua.

Unakumbuka siku tulipoitundika? Ulikuwa umekwisha kuwaachia wale nondo wadogo wa kijivu, ili viwavi wao wale lile gugu la miiba lililomeza nusu ya shamba la Mzee Faustin. Mzee akakutazama ukifunga vijumba vya karatasi ngumu vyenye gundi ndani, akashindwa kunyamaza.

"Mama, we ulileta wadudu, sasa unawategea tena? Bon, hiyo ni kazi gani?"

"Siwategi niwamalize, Mzee. Nataka kujua kama bado wapo."

Ukamwonyesha kile kipande cha mpira chenye harufu ya nondo jike. Ukamweleza kwamba madume hukifuata kutoka mbali wakidhani wanakwenda kuoa, kumbe wanakwenda kwenye gundi. "Madume ndivyo walivyo," ukasema, na Mzee akacheka mpaka akaegemea jembe. Ulirudi kutoka masomoni Tanzania hujaolewa, na hakuna aliyethubutu kukutania kwa hilo ila wewe mwenyewe.

Mwanzoni walinasa wawili watatu. Kisha ukapanda mteremko kwenda kubadilisha vile vipande, maana harufu yake huisha, ukarudi nyumbani Mbugangari unatetemeka kwa homa. Baada ya hapo nilikagua mimi, na kila nilipokagua nilikuletea jibu lile lile: hakuna kitu. Siku zako za mwisho ulinishika mkono ukasema, "Wamekufa wote. Nimempa yule mzee matumaini ya bure." Nimelia zaidi kwa ajili ya maneno hayo kuliko nilivyolia makaburini.

Basi leo nilikuwa nafungua mtego wa kwanza, Mzee Faustin akiwa kando yangu, nondo mmoja akaja. Hawa wako huruka hata mchana. Akanizunguka, akatua kwenye mfuko wa koti, akawa anapigapiga mabawa hapo hapo, haondoki.

"Tazama," Mzee akasema taratibu, "iko anamutafuta Mama."

Nikatia mkono mfukoni. Vilikuwemo vipande vyote vipya, pakiti yake imechanika. Homa ilikufanya usahau, Shangazi. Hukuviweka kamwe, nami miezi yote hiyo nilikuwa nakagua mitego isiyonuka chochote.

Sikuiondoa. Nimeweka vipande vipya katika kila mtego, isipokuwa kimoja. Hicho nimekirudisha mfukoni.

Wapo, Shangazi. Ulale sasa.

Mtoto wa kaka yako,
aliyevaa koti bila ruhusa