Nimemweka Mama Mkubwa Nyuma ya Chakula

Mama mshauri mpendwa, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika. Mimi napiga video za harusi na maziko hapa Busia, upande wa Uganda, na mwezi uliopita nilipiga maziko ya Mzee Okanya kijijini karibu na Tororo, aliyeacha wajane wawili, Mama Specioza ndiye mkubwa na Mama Acom ndiye mdogo, nao miaka yote wameishi bila ugomvi, sasa familia ikataka DVD yenye menyu, mtu achague mwenyewe ibada au hotuba ya kila mjane, nami nilikuwa na programu ya majaribio inayopanga vitufe yenyewe kwa alfabeti, vinne kila ukurasa, basi ukurasa wa kwanza ukatoka Acom, Chakula, Ibada, Kaburini, na wa pili Kwaya na Specioza. Nitasema ukweli kwa sababu hunijui: niliuona mpangilio huo, nikasema nani ataangalia, nikachoma nakala thelathini, nikazigawa. Mama Specioza akaweka diski mbele ya wakwe zake, akajitafuta, akajikosa, akanipigia simu: "Wewe Hudson, mimi nilimzalia huyu mzee watoto saba, sasa unaniweka nyuma ya chakula?" Nikamjibu, mama, si mimi, ni kompyuta imepanga. Tangu hapo hasemi na Mama Acom, anadhani alinihonga, na amesema Jumamosi ya kumbukumbu ya mzee itamkuta amerudi kwao. Paddy wa upande wa Kenya ananiuzia programu kubwa iliyovunjwa kufuli kwa bei ya soda mbili, na Ritah wa studio jirani anasema ninunue halali, lakini bei yake ni nusu ya kamera yangu. Ninunue ipi?

Hudson, Busia

Hudson, pole, lakini pole kidogo tu. Tumalize ya programu kwanza. Ya Paddy iache. Za namna hiyo huja na virusi, na siku ikigoma hutakuwa na wa kumlalamikia. Ya Ritah itakufaa ukipata kazi kila wiki. Kwa sasa pakua DVDStyler. Ni ya bure, si ya majaribio, na vitufe unavipanga wewe. Tengeneza ukurasa mmoja: Mama Mkubwa, Mama Mdogo, ibada na mengine. Chakula kitoe kabisa, nani anataka kutazama watu wakitafuna? Choma kwanza diski inayofutika, uijaribu kwenye deki ya kawaida, maana deki hukataa mengi ambayo kompyuta imeyakubali.

Sasa wewe. Hata hiyo programu yako ungeiongoza kwa kuandika namba mbele ya kila jina, kazi ya dakika mbili. Kompyuta haijui nani aliolewa kwanza. Wewe ulijua, uliona, ukapuuza, kisha ukamwacha Mama Acom abebe lawama yako, naye amefiwa kama mwenzake. Hilo limeniudhi sana.

Ijumaa asubuhi nenda na diski mpya, na zile thelathini uzikusanye. Waombe mama hao wakae pamoja, useme kwa mdomo wako: "Niliona, nikanyamaza. Mama Acom hakujua lolote." Usitaje kompyuta. Ukitukanwa, sikiliza mpaka mwisho. Halafu washa deki, mpe Mama Specioza rimoti, utoke nje uwaache wamtazame mume wao.