Chuo cha Sita

Mama, shikamoo.

Maharage yapo jikoni, yameiva ila hayajaungwa. Mbuzi nimewafunga nyuma ya migomba. Nimeenda Nyamiaga kumrudishia Mwalimu Fabiani kompyuta yake, nitarudi jioni.

Chuo cha sita cha Marekani kimejibu alfajiri. Wamenikataa, kama vile vitano vya mwanzo. Wanasema wageni walioomba kusoma kompyuta ni wengi mno. Mwalimu alinishauri niombe pia vyuo ambako ni rahisi kupata nafasi, lakini hivyo havimsomeshi mgeni bure, ndiyo maana nilichagua hivi sita tu. Sasa hakuna kingine cha kusubiri.

Baba alinikuta nimeshika simu. Akauliza, "Wamarekani bado kimya?" Nikamjibu, "Bado, baba." Akasema nisikate tamaa, kisha akatoka kwenda parokiani kumwomba padri anitaje kwenye misa ya Jumapili. Nilishindwa kumwita arudi.

~~Usimwambie, nitamwambia mwenyewe.~~ Mwambie wewe, mama, akishakula. Mimi nikimtazama usoni nitamdanganya tena.

Mwanao,
Nice