Bango la Daudi Linasema Nini?

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila shikamoo. Ungeniuliza nimelelewa wapi.

Ni mimi, binti yako, nakuandikia kutoka Mwankoko. Cherehani nimeifunika kwa leo. Kichwa changu hakijatulia tangu tulipokuzika. Nilidhani nitalia, halafu nitazoea, kama watu walivyoniambia msibani. Sikujua kwamba nitabaki na maswali, na kwamba maswali yenyewe yatahusu karatasi iliyobandikwa ukutani.

Unayakumbuka maneno yako ya mwisho? Ulikuwa kitandani hospitali, Kaka Elia amesimama kichwani, mdogo wetu Yona miguuni, mimi nimekushika mkono. Kaka akakuuliza tuifanyeje nyumba ya Manyoni. Ukasema, "Fanyeni kama bango linavyosema." Ukafumba macho, na hukusema tena. Sisi watatu tukatikisa vichwa kukubali, kila mmoja akiwa na hakika kwamba ameelewa.

Baba, kwa nini ulitufanyia hivyo?

Bango bado liko sebuleni, pale pale juu ya redio. Joka jekundu kwa juu, chini yake wanaume na wanawake wameshikana mikono, nyuso zimejaa vumbi la makaa, na pembeni yule mama mwenye birika kubwa uliyesema anafanana na Mama. Halafu yale maneno makubwa ya Kiwelisi ambayo Manyoni nzima hakuna aliyeweza kuyasoma. Wewe tu. Au tuliamini hivyo.

Habari ya Daudi tumekua nayo tangu utoto. Fundi wa injini aliyekuja kufanya kazi nanyi reli, jina lake la kwao likawashinda, mkampa hilo. Siku ya kwanza mlimwita Mwingereza, akaweka spana chini, akakataa kuendelea mpaka mseme Mwelisi, maana kwao ni Welisi, si Uingereza. Ukifika hapo ulikuwa unacheka mpaka unakohoa. Ulisema ulimwelewa siku hiyo hiyo, maana wewe Mnyaturu umeitwa Mnyiramba na wenzako wa reli miaka yote na hakuna aliyeona kosa. Aliporudi kwao alikuta ndugu zake wachimba makaa ya mawe wamegoma, akakuandikia. Ninyi wa chama cha wafanyakazi mkajipanga mbele ya kichwa cha treni, ngumi juu, mkapiga picha mkamtumia ili ndugu zake wajue kwamba hawako peke yao. Naye akajibu kwa bango.

Mama, Mungu amrehemu, hakulipenda. Alisema joka hilo ni lile la kitabu cha Ufunuo, na kila mchungaji alipokuja kutusalia alilifunika kwa kanga. Ukamwambia, "Mama Elia, kwao huyu ni kama twiga wetu tu." Hakukusikiliza. Mchungaji wa watu akawa anasali huku anaitazama kanga inayoning'inia ukutani, wala hakuuliza.

Sasa maneno. Mimi uliniambia yanasema, "Binti naye ana sauti." Ilikuwa siku niliyonyamazishwa kwenye kikao cha ukoo, nikaja kulia sebuleni, ukanionyesha kwa kidole, neno kwa neno. Nimeishi nayo hayo. Nimeyatumia kwa mume wangu, kwa wateja wasumbufu, hata kwa mwenyekiti wa mtaa. Kumbe Kaka Elia ulimwambia yanasema, "Mkubwa ndiye anayeamua." Na Yona ukamwambia, "Ulichoachiwa usikiuze." Tulipokuwa wadogo yalikuwa yanasema tumalize ugali, tunawe miguu, tuache kupigana. Hapo tulijua unatutania. Lakini haya mengine, Baba, tuliyashika kama Maandiko!

Siku ya kuanua matanga ndipo yalipolipuka. Kaka akasema nyumba inauzwa, bango limempa yeye kuamua. Yona akaruka, bango limekataza kuuza. Mimi nikasema bango linataka nisikilizwe, na hakuna aliyenisikiliza. Tulipigiana kelele mbele ya wajomba, watu wazima na mvi zetu, tunagombania karatasi ambayo hatujui kuisoma. Yona akapanda basi la kurudi Shelui bila kuaga. Kaka akaacha kupokea simu zangu. Mvua zimekuja zimekwisha, alizeti imevunwa, na sisi hatujuliani hali.

Nilikukasirikia. Nisamehe. Hapana, usinisamehe kwanza, bado nimekukasirikia kidogo.

Binti yangu Rehema alikuwa akiniambia, "Mama, simu siku hizi inasoma lugha yoyote, piga picha tu." Nikawa namkwepa. Niliogopa. Likisema maneno ya Kaka, nyumba imekwenda. Likisema yangu, nani ataniamini? Na likisema jambo lingine kabisa, basi ulitudanganya sote, na mimi maisha yangu nimeyasimamisha juu ya uongo wa baba.

Wiki iliyopita nilikwenda Manyoni kufagia. Nikafungua dirisha, treni ya mizigo ilikuwa inapita na vyombo vinatetemeka kabatini kama zamani. Nikasimama mbele ya bango, nikapiga picha kabla sijabadili mawazo. Simu ikatafakari, kisha ikaniandikia Kiswahili chake kilichopinda: "Kuja nyote. Leta mwenzako. Itakuwepo chai."

Basi. Hakuna kingine. Tangazo la mkutano.

Nilikaa chini sakafuni. Nilicheka, halafu nikalia, halafu sikujua tena nafanya lipi. Nikamtazama yule mama wa birika. Miaka yote amesimama pale na birika lake mkononi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kashika birika la nini.

Lazima Daudi alikuambia maana yake. Kwa hiyo ulijua? Pale kitandani ulikuwa unatuambia tukae pamoja, tunywe chai, tuzungumze? Au ulikuwa unatutania mara ya mwisho? Au ulishasahau maneno yenyewe, ukamaanisha yale uliyompa kila mtu? Daktari alisema homa ilikuwa imepanda sana. Nimeligeuza hili jambo huku na huku mpaka kichwa kinauma, na bado sielewi. Nijie ndotoni uniambie. Ila uje na jibu moja, tafadhali, usije na matatu.

Nilimtumia Kaka ujumbe, maneno yale ya simu kama yalivyo, na picha. Akapiga mwenyewe. Nikamsikia anapenga kamasi. Akauliza, "Chai tu?" Nikamwambia chai tu, Kaka. Akasema, "Jumapili nakuja Manyoni. Lakini nyumba inauzwa." Nikampigia Yona, nikamsomea, nikamwambia na habari ya Jumapili. Naye alicheka vile vile unavyocheka wewe, mpaka kikohozi, nikalazimika kuiweka simu mbali na sikio. Kisha akasema, "Nakuja, dada. Lakini hatuuzi." Na wote wawili, bila kuambiana, wamenikumbusha nisisahau tangawizi.

Sijui Jumapili itaishaje. Huenda tutagombana tena, ila safari hii tutakuwa tumekaa. Nitasema langu, maana hata kama bango halikusema kwamba nina sauti, wewe ulisema, na nimeamua hilo linanitosha. Joka sitalifunika, hata mchungaji akija.

Pumzika, Baba. Msalimie Mama, mwambie birika lake kubwa nimelitoa kabatini na nimelisugua. Ulichotaka hasa sikijui, na huenda nisikijue kamwe. Ninachoweza kukuahidi ni kile nilichokisoma mwenyewe kwa macho yangu: chai itakuwepo.

Binti yako.