Nilinyamazia Bega Lako

Timau, Jumapili jioni

Nderitu, wakini wangu,

Bado nakuita hivyo, kama tulivyoitana tangu tulipotahiriwa msimu mmoja, ingawa mimi nimekupita umri kwa miaka miwili sasa na nimeota ndevu ambazo wewe hukuzipata. Niko Timau, naendesha trekta kwenye shamba la ngano. Hapa karibu hakuna mto wa maana. Ndiyo sababu nilikuja.

Timu yetu haipo tena. Tuliporudi kutoka Uganda, Mwalimu Gathogo alizipanga zile kayaki tano, mitumbwi yetu ya mtu mmoja mmoja, nyuma ya jiko la shule, na hakuzigusa tena. Mvua imeozesha turubai la kuzifunika. Kuku wanatagia ndani ya ile yako, pale ulipokuwa ukikaa. Karatina walimsema Mwalimu sokoni akiwa anasikia, ati ndiye aliyempeleka mtoto wa watu kufa ugenini. Akaomba uhamisho, sasa anafundisha Wang'uru. Mimi nilikuwa nasimama palepale sokoni, nikiwasikia, na sikufungua mdomo.

Unakumbuka tulivyoanza? Maji ya mto Sagana yakitoka mlimani, baridi ya kukata meno, na Mwalimu kwenye ukingo na filimbi yake. Ulikuwa wa kwanza kati yetu kujua kupinduka na kuinuka tena bila kutoka kwenye kayaki. Ulifanya mara ishirini siku ile, mpaka Mwalimu akasema, "Toka, utapata nimonia." Halafu treni, siku mbili, kayaki zetu kwenye behewa la mizigo, wewe ukiimba mpaka abiria wakaomba unyamaze. Na siku ya kwanza Jinja ulipotumbukiza mkono katika Nile. "Haya ni maji ya kuogeshea mtoto!" ulisema. "Sisi tumezoea barafu." Tulicheka. Hatukuwa tumeona bado yale mawimbi ya kule chini mtoni, makubwa kama nyumba.

Wiki tatu za mazoezi, na mwishoni Mwalimu angechagua wawili wa kwenda kushindana Ulaya. Kila mtu alijua mmoja ni wewe.

Siku ya nne asubuhi uligonga mwamba na bega likachomoka. Hakuna aliyeona ila mimi. Ulitoka majini, ukaegemea mti, ukalirudisha mwenyewe kwa kulisukuma kwenye mti ule, na uso wako ukawa rangi ya majivu. Nilikukimbilia. Ukaniambia, "Usimwambie Mwalimu. Atanirudisha nyumbani na treni ya kesho. Niko sawa, wakini."

Nikasema, "Sawa."

Nderitu, nilisema hivyo kwa sababu uliniomba. Lakini pia... niandike tu. Nilifikiri, akipiga kasia vibaya wiki hii, labda nafasi ni yangu.

Kesho yake mchana ulipinduka kwenye wimbi la tatu. Tulikuwa kwenye mwamba, sote, na hakuna aliyeogopa. Tuliona kasia likiinuka, likaanguka. Likainuka tena. Mwalimu alikuwa na kamba mkononi. Alikuwa anatabasamu! "Mngojeni," alisema. "Huyu huinuka kila mara." Angejuaje? Mimi peke yangu nilijua kwamba huwezi. Sauti haikutoka. Nilipoipata nikapiga kelele, "Tupa kamba! Tupa!" Akatupa vizuri sana, ikaangukia juu ya kayaki yako, nayo ilikuwa tupu.

Wavuvi walikupata siku ya pili.

Nilichotaka kukueleza ni hiki. Jumapili iliyopita nilishuka Karatina, nikaenda kwenu baada ya kanisa. Mama yako alikuwa uani akichagua maharagwe. Amekonda. Nilimwambia habari ya bega, yote, mpaka ule mti. Hakuacha kuchagua maharagwe. Nilipomaliza akauliza, "Ilimuuma sana?"

Nikasema, "Ilimuuma, mama."

"Na hakulia?"

"Hakulia."

Akatupa kokoto pembeni. Kisha akasema, "Ungemwambia mwalimu, mtoto yangu angerudi na bega mbaya. Bega mbaya tu. Ningeikanda na maji moto."

Akaingia ndani. Nilidhani ndiyo basi. Akatoka na kikombe cha chai, akanipa kwa mikono miwili kama zamani, akakaa mpaka nikamaliza. Afadhali angenimwagia ile chai. Kisha akanisindikiza hadi langoni, akanishika mkono.

"Kijana yangu, usirudi hapa," alisema. "Si ati nakuchukia. Lakini kila ukiingia kwa hii lango, mimi naangalia nyuma yako kama anakuja."

Nikaondoka. Ile habari nyingine, ya kutaka nafasi yako, sikumwambia. Sikuweza. Wewe ndiye wa kwanza kuisikia, na huwezi hata kunitukana.

Nilidhani nikisema nitapumua. Sijapumua. Nimelima wiki nzima, mistari imepinda, msimamizi ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia niko sawa.

Sitaenda kwenu tena, kama mama yako alivyoniomba. Jumamosi nitashuka Wang'uru kwa Mwalimu, nimweleze bega na nimweleze lile la pili pia, mbele ya walimu wenzake akitaka. Halafu nitasimama sokoni Karatina niseme hivyohivyo, hata wakinipiga. Haitakutoa kaburini, najua. Wala sidhani Mwalimu atapuliza filimbi tena. Lakini hilo nakuahidi, na safari hii sitanyamaza.

Lala, wakini. Mimi bado niko hapa juu, na sijui ni kwa nini.

Wachira