Shimo Kando ya Njia ya Kisimani

Kitomanga, Lindi

Dada Mwanaidi, shikamoo. Mwili wangu mzima, ila upweke umenizidi. Chuo kimetutuma watatu katika kijiji hiki kipya cha ujamaa: bwana wa udongo, bwana wa mimea, na mimi wa kuzungumza na watu. Tuliagizwa tushirikiane. Juzi wenzangu walitoka alfajiri bila kuniambia, wakachimba shimo la kupimia udongo kando ya njia ya kisimani, lenye kina cha mtu mzima na upana wa kaburi. Kina mama waliokwenda kuteka maji walishtuka.

"Mnamchimbia nani, na hakuna maiti?" aliuliza Bi Somoe, mwenyeji wangu.

Bwana wa udongo akacheka. "Tunaangalia udongo tu, mama."

"Udongo si huu hapa juu?"

Tangu hapo wanawake walioahidi kunisimulia mashamba waliyoyaacha walipohamishwa wananiitikia marahaba, kisha wanaingia ndani. Bila maneno yao, ripoti yetu itasema udongo ni mzuri, basi.

Leo nimeazima jembe nikaanza kulifukia shimo lile peke yangu. Wenzangu wamenuna. Kina mama walisimama na ndoo zao wakinitazama, mpaka Bi Somoe akasema, "Chuoni hawafundishi kushika jembe?"

Wengine wakacheka, wakaenda zao. Dada, ni maneno hayo tu niliyoambiwa leo, na nimeyafurahia.

Wabusu wanao. Mkila wali Ijumaa, nimegeeni tonge moja.

Mdogo wako,
Zuhura